Picha za Vitu Vidogo kwa Gharama Ndogo

Leo twakusudia kueleza jinsi mtu asiye na fedha nyingi awezavyo kupiga picha iliyo wazi ya kitu kidogo sana, kama vile mguu wa nzi, yai la kipepeo au kiluwiluwi cha mbu. Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya wataalamu wenye vyombo vya thamani kubwa. Sivyo. Simu ya kawaida yenye kamera, kioo kidogo cha kukuza, mwanga wa dirishani na uvumilivu vyatosha kwa kuanzia. Linalopunguka aghalabu si fedha, bali ni kuzijua sababu zinazoiharibu picha, na dawa ya kila sababu.

Pengine mzee mmoja atauliza: "Picha ya mdudu itanifaa nini, nami nina shamba la kulima na watoto wa kulisha?" Swali hilo ni la haki, na ni wajibu wetu kulijibu kwanza.

Kila kiumbe kina jina lake, na mara nyingi jina hilo limeandikwa mahali padogo sana pa mwili wake. Mathalani, mwaka 2016 mdudu mgeni, ambaye asili yake ni Amerika, aligunduliwa Afrika ya Magharibi. Na katika mwaka 2017 alikuwa amekwisha ingia Kenya na Tanzania. Huyo ndiye kiwavijeshi vamizi, adui mkubwa wa mahindi. Kwa macho ya haraka afanana na viwavi wengine wa shambani. Lakini akisha kukua kidogo huonyesha alama mbili: usoni pake pana mstari wa rangi nyeupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia pana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Mkulima aonaye majani yake yametobolewa aweza kukaa mbali sana na bwana shamba. Walakini picha iliyoonyesha wazi uso na mkia wa kiwavi yule yaweza kufika kwa bwana shamba siku ile ile. Picha yenye ukungu haimfai yeyote, maana kiwavi mwenye ukungu ni kiwavi yeyote.

Twatoa mfano wa pili, nao ni wa mbu. Mwaka 2020, katika mji wa Antananarivo huko Madagaska, kilipatikana kiluwiluwi ndani ya tairi kuukuu. Kilipigwa picha kwa simu, na picha ikapelekwa katika programu iitwayo GLOBE Observer, ambayo NASA ya Marekani imeiweka ili watu wa kawaida wa nchi zote wasaidie kutazama mambo ya dunia. Baadaye wataalamu wa Marekani waliichunguza picha ile, wakashuku ya kuwa kiluwiluwi kile ni cha mbu aitwaye Anopheles stephensi. Mbu huyu aeneza malaria, na asili yake ni Asia. Alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 Kenya ilitangaza kwamba amekwisha onekana nchini humo. Ubaya wake ni kwamba hapendi madimbwi peke yake. Huzaa hata katika mapipa na matangi ya maji, na kwa hiyo aweza kuileta malaria katikati ya miji. Tazameni basi kazi ya picha moja! Ingalikuwa na ukungu, isingalimwambia mtu neno lolote. Hata hivyo picha peke yake haikutosha kuwa hakika. Nasi tutalirudia jambo hilo mbele.

Wala tusidhani ya kuwa chombo kidogo hakiwezi kufanya jambo kubwa. Mwaka 1632, katika mji wa Delft huko Uholanzi, alizaliwa mtu jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Kazi yake ilikuwa kuuza nguo. Hakusoma katika chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, ambayo ndiyo lugha waliyoandikia wenye elimu wa siku zile. Yeye alijitengenezea lenzi ndogo sana za kioo, kila moja akaibana kati ya vibati viwili vyenye tundu. Kitu alichotaka kukitazama alikiweka kwenye ncha ya msumari mwembamba, akakisogeza mbele na nyuma kwa kuzungusha skurubu. Kwa chombo hicho, ambacho chaweza kufichwa ndani ya kiganja, mwaka 1674 aliona katika maji ya ziwa viumbe hai ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Aliwaandikia habari zake wenye elimu wa Royal Society huko London. Na kwa kuwa hakuwa hodari wa kuchora, aliajiri wachoraji, maana alijua kwamba jambo lililoonwa na mtu mmoja peke yake huaminiwa kwa shida. Leo kazi ya wachoraji wale hufanywa na kamera. Lakini kazi ya Leeuwenhoek mwenyewe, yaani kukisogeza kitu polepole hata kionekane wazi, imebaki mikononi mwetu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kwa nini kamera hushindwa kuona kitu kidogo? Fanya jaribio hili. Nyosha mkono wako, utazame kidole cha shahada. Kisogeze polepole kuelekea usoni. Kila kinapokaribia huwa kikubwa, na mistari ya ngozi huonekana zaidi. Lakini patafika mahali, hapo karibu na pua, ambapo kidole kimekuwa kikubwa kweli, ila kimefunikwa na ukungu. Jicho lako limefika mpaka wake. Kamera nayo ina mpaka. Simu nyingi haziwezi kuona wazi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 au 10. Ukiisogeza zaidi, picha huharibika. Ukiirudisha nyuma, mdudu huwa kama nukta.

Mtu asiyejua huamua kukivuta kitu kwa kukikuza juu ya kioo cha simu. Hilo si dawa. Picha imefanywa kwa nukta nyingi ndogo, nayo simu inapokuza namna hiyo hutanua nukta zile zile tu. Ni kama mtu aliyeambiwa aeleze zaidi, naye akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa. Dawa ya kweli ni kuiwezesha kamera ikaribie, nayo hupatikana kwa kuweka mbele yake lenzi nyingine: kioo kilicho kinene katikati na chembamba ukingoni. Kioo hicho huukunja mwanga kabla haujaingia katika kamera, na hivyo kamera huona wazi mahali ambapo kwanza iliona ukungu.

Lakini si kila kioo cha kukuza kifaacho. Kabla ya kutoa senti yako, kipime hivi. Simama ndani ya chumba, mbali na dirisha, ukishika kioo kwa mkono mmoja na karatasi nyeupe kwa mkono wa pili, kioo kikiwa kati ya dirisha na karatasi. Sogeza karatasi mbele na nyuma. Mahali fulani utaona juu ya karatasi picha ndogo ya mti ulioko nje, nayo imepinduliwa miguu juu. Pima umbali kutoka kioo hata karatasi. Umbali huo, kwa kukadiria, ndio umbali ambao kitu chako kitakaa mbele ya kioo wakati wa kupiga picha. Ikiwa ni sentimita 10, kioo hicho hakitakusaidia sana, maana simu yako yafika hapo yenyewe. Miwani ya kusomea yenye nguvu ya 3 hukusanya mwanga mbali sentimita 33. Kwa hiyo nayo haifai kwa kazi hii. Twataka kioo chenye umbali wa sentimita 2 au 3, au chini ya hapo. Msifanye jaribio hili kwa jua lenyewe, kwa sababu kioo kikusanyacho mwanga wa jua huunguza karatasi, na jicho huharibika kabisa.

Vioo vya namna hiyo hupatikana kwa njia nyingi. Tutazitaja kuanzia ile isiyo na gharama.

Ya kwanza ni tone la maji. Chukua kipande cha bati jembamba au plastiki ngumu, kitoboe tundu la duara lenye upana wa milimita 2 au 3, ukilainishe kingo zake. Pakaza mafuta kidogo kuzunguka tundu ili maji yasitambae. Kisha, kwa ncha ya kijiti, tia tone moja katika tundu. Litakaa humo limevimba juu na chini, nalo ni lenzi kamili. Kilete mbele ya kamera, kisiguse simu, na uone ajabu yake. Upungufu wake ni kwamba tone hutikisika kwa pumzi tu, na baada ya muda mfupi hukauka. Lafaa kwa kufundishia darasani, halifai kwa kazi ya kila siku.

Ya pili ni lenzi iliyomo ndani ya mashine ya kuchezea sahani za CD au DVD iliyokwisha haribika. Mafundi wa redio wanazo nyingi, zimetupwa pembeni. Lenzi yake ni ndogo kama punje ya dengu, ina nguvu sana, na kitu lazima kikae mbele yake kwa umbali wa milimita chache tu. Yafaa kwa chembe za mchanga, unga wa bawa la kipepeo na mfano wa hayo. Mashine isifunguliwe ikiwa imeunganishwa na umeme, wala mtu asitazame mwali wake unaotoka ikiwa inafanya kazi, maana waweza kulidhuru jicho. Afadhali kumwomba fundi aitoe.

Ya tatu, nayo ndiyo tunayoipendelea, ni kioo kidogo cha sonara au cha fundi saa, kile kikuzacho mara 10. Umbali wake ni kama sentimita 2 na nusu, nafasi ya kutosha kupitisha mwanga kati ya kioo na mdudu. Aidha madukani huuzwa lenzi ndogo zenye kibanio cha kubania simu; nyingi za hizo ni za bei nafuu, nazo hufanya kazi ile ile. Simu nyingine za siku hizi zimeundwa na lenzi ya pili ya kuonea vitu vya karibu; mwenye simu ya namna hiyo aijaribu kwanza kabla ya kununua chochote.

Ya nne ni ya wale wenye kamera ya zamani ambayo lenzi yake hufunguliwa. Kuna njia mbili. Waweza kuiweka lenzi mbali na kamera kwa kutia bomba tupu katikati: lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele milimita 50, kitu huandikwa ndani ya kamera kwa ukubwa wake wenyewe. Au waweza kuigeuza lenzi ile nyuma mbele, uso wake ukaelekea ndani. Njia hii haina gharama ila ya pete ya kuishikia. Lakini jihadhari na vumbi, kwa kuwa upande wa nyuma wa lenzi umeachwa wazi.

Wako pia waliofikiri juu ya watu wasio na uwezo kwa namna ya pekee. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza hadubini iliyofanywa kwa karatasi ya kukunja, ambayo vifaa vyake havikugharimu hata dola 1 ya Marekani. Iliitwa Foldscope, na simu yaweza kuunganishwa nayo. Lenzi yake ndogo sana yatukumbusha zile za Leeuwenhoek.

Haya, lenzi umekwisha pata. Usifurahi mapema, kwa maana sasa wakuja maadui watatu: mtikisiko, kina na giza.

Adui wa kwanza ni mtikisiko. Lenzi ikikuza mdudu mara kumi, hukuza pia kutetemeka kwa mkono wako mara kumi. Kwa hiyo simu isishikwe mkononi, bali ipewe mahali pa kulala. Twawashauri walimu watengeneze kinara hiki. Chukua kadibodi ngumu au ubao mwembamba, utoboe tundu la kadiri ya lenzi yako, uitie lenzi humo na kuikaza ukingoni kwa gundi. Panga vitabu mafungu mawili yenye kimo kimoja, uache nafasi katikati, kisha laza ubao ule juu yake kama daraja. Simu ilale juu ya ubao, jicho la kamera likiwa juu ya lenzi. Kitu chako kiweke chini, katika ile nafasi. Tumia saa ya simu inayochelewesha picha kwa sekunde 2 au 3, ili kidole chako kiwe kimekwisha ondoka kabla picha haijapigwa. Kama kitu kimo juu ya mmea shambani, enda alfajiri kabla upepo haujaamka, na ulishike jani kwa kibanio cha nguo. Saa hizo wadudu wengi nao huwa wazito kwa baridi, hawaruki upesi.

Adui wa pili ni kina. Mtu apigaye picha ya mlima huona wazi mawe yaliyo karibu na kilele kilicho mbali. Lakini karibu na lenzi kali, sehemu iliyo wazi ni nyembamba mno, pengine chini ya milimita 1. Jicho la nzi likiwa wazi, mguu wake una ukungu. Hapana fedha iwezayo kuiondoa kanuni hii kabisa. Hata wenye kamera za thamani hupambana nayo. Fanya mambo mawili. La kwanza, mlaze mdudu ubavu, au umgeuze hata sehemu unayoitaka iwe sambamba na lenzi. Amua kabla: wataka uso au wataka mkia? Ukitaka vyote, piga picha mbili. La pili, usitegemee simu peke yake kutafuta mahali palipo wazi, bali kiinue kitu chenyewe. Kiweke juu ya karatasi za daftari zilizopangwa. Karatasi moja ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ongeza karatasi moja, tazama, ongeza ya pili, tazama, ikipita, punguza. Hiyo ndiyo skurubu ya Leeuwenhoek, nayo imepatikana kwa daftari kuukuu.

Adui wa tatu ni giza. Kamera ikikaribia sana, hukitia kitu kivuli chake yenyewe. Taa ya simu haifai, maana hupiga mwanga mkali ulio sawa na uso wa kitu, ukang'aa juu ya mgongo wa mdudu kama jua juu ya bati. Mwanga mwema hutoka ubavuni, nao ni mwororo. Kaa karibu na dirisha, upande usioingia jua lenyewe. Upande wa pili wa kitu simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga na kupunguza kivuli. Ukitumia kurunzi, ifunike kwa karatasi nyembamba nyeupe au kitambaa cheupe. Na kwa nyuma, mdudu mweusi awekwe juu ya karatasi nyeupe, mdudu mweupe juu ya kitu cheusi. Mambo haya ni madogo, lakini mara nyingi ndiyo hutenganisha picha njema na picha mbaya.

Juu ya uvumilivu hatuna haja ya kusema mengi. Twatoa mfano mmoja tu. Huko Jericho, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, aliishi mkulima jina lake Wilson Bentley. Aliunganisha kamera na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885 akafaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji. Chembe ya theluji huyeyuka kwa pumzi ya mtu. Ilimlazimu kufanya kazi katika baridi kali, upesi, bila kuipulizia. Alipokufa mwaka 1931 alikuwa ameacha picha zaidi ya 5,000. Sisi ambao mdudu wetu hayeyuki hatuna sababu ya kukata tamaa kwa picha kumi zilizoharibika.

Sasa na tuutumie ujuzi huu kwa kiluwiluwi cha mbu, maana kipo karibu na kila nyumba, nacho chahusu uhai wa watoto wetu. Sisi walimu tumezoea kukichora ubaoni, na wanafunzi hukinakili ubaoni, wala mmoja wetu hajakitazama. Teka maji kutoka mahali unaposhuku, uyatie katika gilasi safi, uyaache yatulie. Tazama kwa ubavu, usawa wa uso wa maji. Kiluwiluwi cha mbu wa jamii ya Anopheles, ambao ndio waenezao malaria, hulala chini ya uso wa maji kama kijiti kieleacho, sambamba nao, kwa kuwa hakina mrija mrefu wa kupumulia. Kiluwiluwi cha Culex, na vile vile cha Aedes ambao hueneza homa ya dengi, huning'inia kichwa chini, mkia juu, nacho kina mrija wa kupumulia ulioshika uso wa maji. Picha ya kwanza ni hiyo, kwa simu tupu, bila lenzi.

Kisha kitie kiluwiluwi katika kijiko cheupe chenye maji kidogo tu, kisipate nafasi ya kuogelea. Kiweke chini ya kinara, ungoje kitulie. Piga picha ya pili ya mwili wote, na ya tatu ya mkia peke yake, mahali ulipo mrija au pale ambapo haupo. Kwa picha hizo tatu mtu aliye mbali aweza kusema mengi. Kwa hiyo moja ya mkia peke yake aweza pengine kusema: "Hiki si cha malaria," au, "Hiki kitazamwe zaidi."

Lakini kumbukeni kwamba picha ya namna hii ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Ukubwa wake ni nini? Ilipigwa wapi? Lini? Kwa hiyo weka rula yenye milimita kando ya kitu, au uipige picha rula peke yake bila kubadili umbali wa lenzi wala simu. Ikiwa rula yaonyesha milimita 12 kutoka ukingo mmoja wa picha hata wa pili, na kiluwiluwi kimechukua nusu ya upana huo, basi urefu wake ni milimita 6. Andika katika daftari jina la mahali, tarehe, na chombo kilichokuwa na maji: pipa, tairi, kwato za ng'ombe au dimbwi. Usiibadili rangi ya picha ili ipendeze. Picha ya harusi yaweza kupambwa; picha ya ushahidi haipambwi, kwa sababu rangi uliyoiongeza yaweza kumpoteza mtu aitazamaye.

Na kama tulivyoahidi, twarudia neno la Antananarivo. Picha huamsha shaka, haimalizi shauri. Mdudu wa kushukiwa atunzwe katika kichupa kilichofungwa, apelekwe pamoja na picha kwa bwana afya au bwana shamba, ambaye atajua wa kumpelekea. Usifuge viluwiluwi nyumbani. Ukisha maliza, mwaga maji yale juu ya ardhi kavu ijuayo jua, na chombo ukifunike au ukipindue. Wala mtu asidhani kwamba picha ya mbu yaonyesha ugonjwa wa mtu. Mtoto mwenye homa hapigwi picha za mbu, hupelekwa hospitali akapimwe damu.

Viumbe vingine, ambavyo havitudhuru, twavirudishe mahali pake vikiwa hai. Nyuki aliyekaa juu ya ua aweza kupigwa picha bila kuuawa, na buibui bila kuvunjiwa nyumba yake.

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vidudu hivi vimekaa mvunguni mwa dunia yetu, karibu na vitanda vyetu na mahindi yetu, vikitenda kazi yao, njema au mbaya, bila kungoja tuvitazame. Kuinama hakuuzwi dukani. Basi, ninyi wanafunzi, wiki hii pimeni vioo vyenu dirishani kama tulivyoeleza, mjenge kinara cha vitabu na kadibodi, na mwandike katika daftari mliyoyaona katika gilasi moja ya maji ya nyumbani kwenu. Nanyi wazee wetu, mtoto akiwaomba simu kwa dakika chache ili atazame maji ya pipa, mpeni, kisha mtazame pamoja naye. Kwaherini.